INTANETI YA KIJIJI IWE AMANA YA KIJIJI

(Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na Ofisa Habari wa Wizara mbele ya wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, wenye asili ya Unguja na Pemba, waliotaka kujua namna ya kuvisaidia vijiji vyao kupata intaneti ya pamoja. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wananchi wote.)





Awali ya yote nawashukuruni kwa kunialika, na zaidi kwa nia iliyokukutanisheni. Mmeeleza kwamba mko tayari kuchanga ili vijiji mlivyotoka vipate intaneti ya kasi itakayoendeshwa na wanakijiji wenyewe. Nia hiyo ni njema. Wajibu wangu leo ni kuyataja yale yanayoweza kuiharibu, kabla hayajaiharibu.

Kariakoo si mahali pa kuhubiri faida ya intaneti. Mteja aliyeko Mbeya au Lubumbashi huonyeshwa mzigo kwa simu, akalipa kwa simu, na mzigo ukamfuata. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na mkongo wa EASSy ukafuatia mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilipokatika baharini, kila mwenye duka alionja maana ya kufanya biashara bila ya mawasiliano. Yaliyokufikeni siku zile chache ndiyo hali ya kila siku kwa wengi tuliowaacha nyumbani: mwanafunzi wa skuli anayetafuta somo, mvuvi anayetaka kujua hali ya upepo, muuguzi wa kituo cha afya anayepaswa kutuma ripoti.

Hata hivyo, iko hatari ambayo watu wa Kariakoo mnapaswa kuiangalia zaidi kuliko wengine, nayo ni kudhani kwamba kazi yote ni kununua vifaa. Antena, ruta, nyaya, betri na paneli za umeme wa jua zinapatikana katika mitaa hii kwa asubuhi moja, na kesho yake zikapanda boti. Lakini vifaa hununuliwa mara moja, na mtandao hulipiwa kila mwezi. Palipoharibika miradi ya namna hii, mara nyingi si kwa kukosa antena, bali kwa kukosa anayelipa mwezi wa saba.

Naomba nieleze kwa ufupi jinsi mtandao wa kijiji unavyofanya kazi. Kwanza panahitajika chanzo, yaani mahali ambapo kijiji kinanunua intaneti kwa jumla kutoka kwa kampuni yenye leseni, ama kwa waya wa mkongo, ama kwa mnara, ama kwa setilaiti. Pili, panahitajika njia ya kuifikisha kijijini. Mara nyingi hutumika antena mbili zinazotazamana, na baina yao pasiwe na kizuizi. Mnazi au mwembe uliosimama katikati unatosha kudhoofisha mawimbi, na ndiyo maana mahali pa mlingoti huchaguliwa kwa kupanda juu na kutazama, si kwa kukadiria. Tatu, intaneti hiyo hugawiwa kwa skuli, kituo cha afya na nyumba. Kwetu visiwani hewa ya chumvi hula chuma, na radi haina simile. Vyuma viwe visivyoshika kutu upesi, na mlingoti uwe na waya wa ardhini.

Ndugu wananchi, jambo hili si geni katika nchi yetu wala kwa jirani zetu. Kituo cha mawasiliano cha jamii cha Sengerema, mkoani Mwanza, kilianza mwaka 2001. Hakikutegemea kompyuta peke yake, bali kiliweka huduma mbalimbali pamoja, ikiwemo mafunzo na redio ya wananchi. Wilayani Kondoa, mkoani Dodoma, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma walishirikiana na wenyeji kuanzisha mtandao wa jamii uliotumia masafa ya televisheni yasiyokuwa na kazi, kwa idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na skuli zikawa miongoni mwa walionufaika. Masafa hayo hupita vizuri zaidi penye miti na mabonde kuliko yale ya ruta za kawaida.

Katika Ziwa Kivu, upande wa Kongo, kiko kisiwa cha Idjwi, ambako ulianzishwa mtandao uliopewa jina la Pamoja Net. Jina lenyewe mnalifahamu. Mpango wake ulikuwa taasisi na wafanyabiashara wenye uwezo walipie huduma, ili mwananchi wa kawaida naye apate mahali pa kuitumia. Huko Mankosi, katika Jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, wanakijiji walisajili ushirika wao wa Zenzeleni mwaka 2014. Miongoni mwa mapato yao ya mwanzo ilikuwa ni kuchaji simu za watu kwa umeme wa jua uliokuwa ukiendesha mitambo yao.

Mkiitazama mifano hiyo mtaona inafanana kwa jambo moja: palikuwa na mawazo ya chakula cha mradi tangu siku ya kwanza. Nasi hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza hilo. Wazee wetu walipojenga msikiti hawakuishia kwenye kuta na mihrabu. Aliyejaaliwa aliweka wakfu minazi, shamba au nyumba ya kupangisha, ili mapato yake yanunue mafuta ya taa, mikeka na kamba ya kisima. Walijua kwamba jengo lisilo na wakfu huanza kuchakaa siku linapofunguliwa. Basi suali la kwanza kwenu lisiwe "Antena ni kiasi gani?" Liwe "Minazi ya mtandao huu ni ipi?"

Tuchukulie mfano wa hesabu tu. Ikiwa intaneti ya jumla ni shilingi 300,000 kwa mwezi, posho ya kijana anayeitunza ni shilingi 100,000, na akiba ya matengenezo ni shilingi 50,000, jumla ni shilingi 450,000. Nyumba 30 zikilipa shilingi 15,000 kila moja, hesabu imetimia. Lakini nyumba 10 zisipolipa, pana upungufu wa shilingi 150,000, na kampuni haitakata theluthi moja ya huduma, itakata yote. Nyinyi mnaocheza upatu mnalijua hili: asiyetoa mmoja huwaumiza waliotoa. Kwa hiyo mchango wenu wa Kariakoo ugawiwe mafungu mawili. Fungu moja linunue vifaa, na la pili liwe akiba ya angalau miezi sita, isiyoguswa ila kwa maamuzi ya kikao.

Kuhusu uendeshaji, mtandao usiwe wa mfadhili wala wa mwenye nyumba ambayo mlingoti umesimama. Iundwe kamati au ushirika uliosajiliwa, wenye katiba, akaunti ya benki na watia saini zaidi ya mmoja. Sheha ashirikishwe, akina mama wawemo, na hesabu zibandikwe kila mwezi mahali pa wazi. Vijana wawili au watatu wa kijiji wafundishwe kazi, wa kike na wa kiume, kwani akifundishwa mmoja naye akahamia mjini, ujuzi umeondoka naye. Na nyinyi mlioko huku mjiweke katika nafasi ya wachangiaji, si ya mabwana. Kijiji kikijiona ni mgeni katika mali yake, hakitailinda.

Kuhusu sheria, posta na simu ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Hivyo msimamizi ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2003, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ndiyo inayoongoza utoaji wa huduma. Kuuza huduma ya mawasiliano bila ya leseni ni kosa, hata kama nia ni kumsaidia jirani. Kamati iende kwenye Mamlaka kabla ya kununua chochote, iulize leseni gani inafaa, au kama inawezekana kuingia makubaliano na kampuni ambayo tayari inayo. Jirani zetu wa Kenya waliweka leseni maalumu ya mitandao ya jamii mwaka 2021, na hilo linaonyesha kwamba sheria inaweza kumtambua mwananchi akijitokeza mapema. Aidha, vifaa viwe vile vilivyoidhinishwa. Antena ya bei rahisi isiyoidhinishwa inaweza kuingilia mawasiliano ya wengine, na gharama ya kuiondoa ni kubwa kuliko bei yake.

Upo pia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa Sheria ya mwaka 2006 ili kuyafikia maeneo ambayo kampuni haziyaoni kuwa na faida. Si busara kutumia fedha za wananchi mahali ambapo mnara wa Mfuko uko njiani. Ulizeni kwanza.

Ndugu zangu, katika mitaa hii mmejenga maduka kwa neno moja, uaminifu. Mtu hukabidhiwa mzigo bila ya maandishi, akaurejesha kwa hesabu kamili. Mtandao wa kijiji unahitaji uaminifu huo huo, safari hii pamoja na maandishi.

Wale walio tayari wanaombwa kufuata utaratibu huu: kwanza kukaa na wazee na sheha wa kijiji husika, pili kuunda kamati na kuisajili, tatu kuonana na Mamlaka ya Mawasiliano, nne kupima njia ya mawimbi kwa mtaalamu, tano kuweka akiba ya miezi sita. Kununua vifaa ni la sita. Atakayeanza na la sita huenda akaacha kijijini mlingoti wa kufungia kamba ya nguo.