Kitufe, Kitufe, Kitufe

Wasikilizaji, leo dhahabu ya mgodi wa Namoya tuiache ipumzike. Nataka kusema habari za jiko.

Nyuma ya nyumba yetu hapa Salamabila, mashariki ya Kongo, Mama Mkubwa wangu anapika kwenye mbabula. Haoni. Macho yake yalizimwa na upofu wa mtoni, ule unaoletwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye maji yanayokimbia. Dawa yake mnaijua: unapimwa urefu kwa fimbo, kisha unahesabiwa vidonge. Kampuni ya Merck inaitoa bure tangu 1987. Inakinga, lakini macho yaliyokwisha kuzimika hairudishi. Kwake ilichelewa.

Sasa msikilizeni akipika. Anamwaga mawese sufuriani, anainamisha kichwa. Mafuta yenye maji bado yanatatarika. Yakinyamaza, ndipo kitunguu kinaingia. Makala anayapima kwa kiganja juu ya mbabula: akihesabu mpaka tano bila kuondoa mkono, moto huo ni wa kuivisha mchele taratibu. Akishindwa kwenye mbili, ni wa kuchemsha maji ya bugali. Kopo la chumvi lina kovu la kisu kwenye kifuniko, la sukari halina. Ole wako ubadilishe vifuniko.

Zamani alimfundisha mtoto wa jirani, ambaye surua ilimchukua macho kabla hajaanza shule. Watu walicheka: asiyeona anamfundisha asiyeona kushika moto! Mtoto yule leo ni mtu mzima, anaishi Brussels, na mwezi uliopita alinipigia simu kunionyesha, neno ni lake, kikaangio chake kipya cha hewa, kile cha umeme kinachounganishwa na simu. Unachagua simuni: kuku, nyuzi 180, dakika 25. Simu yake inasema kila kinachoguswa. Hilo si ajabu tena. Simu za Apple zilianza kusoma kioo kwa sauti mwaka 2009, za Android mwaka uleule, na leo hata simu nyingi za bei ndogo zinazouzwa hapa sokoni zina programu hiyo ya kusoma, TalkBack, ndani, imelala tu, inangoja kuamshwa. Alifurahi sana, akala kuku siku tisa.

Siku ya kumi programu ikajisasisha usiku. Jioni alipopitisha kidole, simu ikamwambia: kitufe. Akasogeza. Kitufe. Akasogeza tena. Kitufe. Mtengenezaji alikuwa amebadilisha picha za kioo, akasahau kuziandikia majina ambayo simu huyasoma. Kuku yuko ndani, mbichi, na mwenye kuku amesimama mbele ya vitufe visivyo na majina. Na uso wa kikaangio chenyewe? Kioo kitupu, laini kama sahani iliyooshwa.

Mimi naona hivi. Tunaambiwa simu imekuja kumfungulia asiyeona mlango wa jikoni. Lakini mlango huo aliufunga nani? Jiko la zamani lilikuwa na kishikio cha kuzungusha, kama hicho unachozungusha kuongeza sauti ya redio hii. Kinalia kikigeuka, na kidole kinajua kimefika wapi. Wamekiondoa, wakabandika kioo, kisha wakamwambia asiyeona apitie simuni. Tena yako majiko ambayo, kwa usalama, hayakubali kuwashwa kwa simu mpaka mtu aguse kwanza alama fulani kwenye kioo kilekile. Alama ipi? Iko wapi? Rafiki yangu huyo wa Brussels alimwomba mke wake adondoshe tone la rangi ya kucha juu ya alama hiyo ya kikaangio chake. Likakauka, likawa kipele. Kipele kile ndicho kilichomaliza kazi ya mainjinia.

Mtaniambia hayo ni ya Ulaya. Kweli, kikaangio cha namna ile kinakula wati 1500 hivi. Kwa paneli za wati 100, utapanga 15 juu ya bati na kuomba jua la saa sita lisifunikwe. Lakini mambo haya yanasogea kwetu. Dar es Salaam, kampuni ya KopaGas iliweka mita kwenye mtungi wa gesi, mtu akawa analipa kidogo kidogo kwa simu. Mwaka 2020 teknolojia hiyo ikanunuliwa na kampuni ya Circle Gas, na Nairobi watu wanaijua kwa jina la M-Gas. Mpango huo naupenda kwa jambo moja: simu inashika pesa, moto unabaki kwenye kishikio. Anayesomewa salio na simu yake anaweza kupunguza moto kwa vidole vyake.

Na hiyo pesa nayo ina neno lake. Wangapi hapa, kwa sababu hawaoni, wamempa mtoto wa shule namba yao ya siri? Ninyi mnaouza simu pale sokoni, mkimuuzia mtu asiyeona, mwamshieni TalkBack kabla hajaondoka. Ni dakika mbili. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, imeandikwa kwa Kifaransa kizuri kabisa, na mimi sijasikia ikisomwa kwa sauti hapa kijijini.

Rafiki yangu kikaangio amekipa likizo kabatini. Amenunua jiko la umeme lililotumika, lenye vishikio. Juzi alipiga simu, nikamshikia Mama Mkubwa sikioni. Kra, kra, kra.

«Hiyo ya ngapi?»

«Ya tatu, Mama. Napika mchele.»

Akanyamaza, anasikiliza sufuria ya Brussels.

«Rudisha moja, mwanangu. Husikii mfuniko unavyoruka?»

Kra.