Sahani ya Wali na Gramu 130: Kiasi cha Wanga kwa Anayepunguza Uzito Kibiti na Delta ya Rufiji

Mada kwa maofisa lishe na wahudumu wa afya ngazi ya jamii



Swali linalotujia siku hizi limebadilika. Zamani tulihangaika kuwaeleza watu kwamba wali na ugali vikizidi huleta uzito. Leo hilo wanalijua, na wanachotaka ni nambari: nile wanga gramu ngapi kwa siku ili nipungue? Mwenye duka wa Kibiti mjini anaiulizia. Mwalimu wa Bungu anaiulizia. Anayesubiri boti Nyamisati ameshaisikia kwenye simu, ila amesikia tatu tofauti, 20, 50 na 100, na hajui ashike ipi.

Mwamko huu una sababu zake, na mojawapo ni Profesa Mohamed Janabi, daktari bingwa wa moyo aliyeiongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na baadaye Hospitali ya Taifa Muhimbili, na ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika. Kwa miaka kadhaa amezungumza hadharani juu ya kitambi, sukari na mazoea ya kula kutwa nzima. Wapo waliochukia kuambiwa wapunguze ugali. Mimi naona ametufanyia kazi kubwa, kwa sababu amewafanya watu wazima wenye afya waanze kuangalia sahani zao kabla hawajaugua. Kazi iliyobaki ni yetu: kuichukua ile habari ya jumla na kuipima kwa chakula kinachopikwa hapa.

Tuanze na nambari zenyewe. Mwongozo wa kawaida wa lishe hutaka wanga utoe kati ya asilimia 45 na 65 ya nguvu ya mwili. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 kwa siku hiyo ni gramu 225 hadi 325, maana kila gramu ya wanga hutoa kilokalori 4. Ulaji wa wanga kidogo kwa kawaida huhesabiwa kuanzia chini ya gramu 130. Nambari hiyo 130 ilitolewa na Taasisi ya Tiba ya Marekani kama kiwango cha chini kinachopendekezwa kwa siku, kwa kukadiria sukari inayotumiwa na ubongo wa mtu mzima. Chini ya gramu 50 mwili huanza kutegemea mafuta kwa kiasi kikubwa na ini hutengeneza ketoni; huo ndio ulaji unaoitwa keto, na wapo wanaoshuka hadi 20.

Fikra hii si ya jana. Mwaka 1863 William Banting wa London, aliyekuwa akifanya biashara ya mazishi, aliandika kijitabu kueleza alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, viazi, maziwa, siagi na bia. Itazameni orodha hiyo. Ni meza ya Mwingereza, na miongozo mingi inayofika kwenye simu zetu bado imejengwa juu ya meza hiyo: acha mkate, acha viazi vya kukaanga, acha nafaka za boksi. Mtu wa Mbwera akiisoma anaweza kuridhika kabisa kwamba yeye hali hata kimoja, huku sahani yake ya mchana ikiwa imejaa mpaka ukingoni.

Kwa hiyo tupime sahani. Gramu 100 za wali uliopikwa zina karibu gramu 28 za wanga. Kikombe kimoja cha wali, kile cha kawaida cha robo lita, kina takriban gramu 45. Sahani iliyorundikwa, kama tunavyompakulia mgeni au mwanamume aliyetoka kazini, hubeba vikombe vitatu. Hiyo ni gramu 135. Maana yake ni kwamba sahani moja ya wali wa mchana inamaliza wanga wote wa siku wa mtu anayefuata ulaji wa wanga kidogo, kabla hajanywa chai na kabla hajaona chakula cha usiku.

Sasa mfuateni mtu wa kawaida wa mjini Kibiti, anayekaa kwenye kiti kutwa na kurudi nyumbani kwa bodaboda. Asubuhi chai yenye vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili: karibu gramu 65. Mchana ile sahani ya wali: 135. Alasiri soda moja ya chupa: 35 na ushei. Usiku ugali wa kushiba, ambao gramu kwa gramu haupishani sana na wali: 130 nyingine. Jumla yake inapita gramu 360, yaani zaidi ya kilokalori 1,400 kutoka kwenye wanga peke yake, bila kuhesabu tui, mafuta ya kukaangia wala samaki. Hapo ndipo kitambi kinapotoka, na nawaomba msimlaumu mtu huyo kwa ulafi. Anakula kama babu yake alivyokula. Tofauti ni kwamba babu yake alilima kwa jembe la mkono, akapiga kasia, akakesha dunguni akilinda mpunga dhidi ya nguruwe, na mchana akaamia ndege.

Mtu huyo akiniuliza nambari, namjibu 130, na wala simsukumi kwenda 20. Sababu yangu kubwa ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2018, ukiongozwa na Christopher Gardner. Watu wazima 609 wenye uzito uliozidi waligawanywa makundi mawili, moja la mafuta kidogo na jingine la wanga kidogo, wakafuatiliwa kwa miezi 12. Kundi la wanga kidogo lilianza kwa kushuka hadi gramu 20, kisha kila mmoja akaongeza mpaka alipoona anaweza kuishi hivyo. Baada ya mwaka walikuwa wamepungua wastani wa kilo 6.0, na wale wa mafuta kidogo kilo 5.3, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Jambo ambalo wengi hawalisimulii ni hili: mwisho wa mwaka, kundi la wanga kidogo lilikuwa linakula wanga karibu gramu 130 kwa siku. Watu walioanzia 20, wakiwa na wataalamu wa lishe wa kuwaongoza na maduka yenye kila kitu, walifikia 130 na ndipo walipokaa. Sioni sababu ya kumpitisha mwenzetu kwenye mateso ya 20 ili aje kufika mahali tunapoweza kumweka tangu mwanzo.

Mtu atasema: mbona fulani alishuka gramu 20 na kilo mbili zikaondoka wiki ya kwanza? Ni kweli ziliondoka, lakini nyingi ni maji. Ini na misuli huhifadhi wanga wa akiba kiasi cha gramu 400 hadi 500, na kila gramu hukaa na maji kama gramu tatu. Akiba ikitumika, maji hutoka pamoja nayo, na siku mtu akirudi kwenye wali, maji hurudi. Mafuta ya mwilini huondoka polepole: nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri. Mwambieni mapema, la sivyo wiki ya tatu mizani ikisimama ataona amedanganywa.

Siku ya gramu 130 hapa kwetu inawezekana bila kununua kitu cha kigeni hata kimoja. Asubuhi chai isiyo na sukari, yai au samaki aliyebaki jana, na kipande cha muhogo kinachotosha kiganja. Mchana kikombe kimoja cha wali, kisichorundikwa, pamoja na perege au kambale wa kuchemsha au kuchoma, na mboga za majani za kujaza nusu ya sahani: matembele, mchicha, kisamvu, majani ya kunde, mlenda, bamia. Jioni kunde, choroko au maharage kiasi cha nusu kikombe, samaki tena au dagaa, mboga tena, na nusu embe msimu wake ukiwepo. Hesabu yake inakuja gramu 125 au karibu na hapo. Samaki na mayai takriban hayana wanga, na ndiyo yanayomfanya mtu asisikie njaa saa mbili baada ya kula. Jamii ya kunde ina wanga, na wafuasi wa keto huikataza. Sisi tusiikataze: ina protini na nyuzinyuzi, na kaya nyingi zinaimudu.

Kuna makosa matatu nimeyaona yakirudiwa, na yote yanatokana na nia njema. La kwanza ni kuacha wali na kuhamia muhogo. Muhogo mbichi una wanga gramu 38 hivi katika kila gramu 100, na bada ya unga wake haimpunguzii mtu chochote. La pili ni kudhani dona haina wanga. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ya nyuzinyuzi na virutubisho, kuleni dona, lakini bonge likiwa lile lile, wanga ni karibu ule ule. La tatu ni la nazi na mafuta. Mtu amepunguza wali nusu, akaongeza tui zito na samaki wa kukaangwa, kisha anashangaa uzito haushuki. Mafuta yana kilokalori 9 kwa gramu, zaidi ya mara mbili ya wanga. Nazi ni chakula chetu na sitaki iondoke jikoni. Tui jepesi linatosha.

Ramadhani inahitaji mazungumzo yake yenyewe, hasa katika vijiji vya delta ambako karibu kila nyumba inafunga. Wengi huutazamia mwezi huo kama nafasi ya kupungua, na wengi huumaliza wakiwa wameongezeka. Sababu ipo kwenye futari: uji wenye sukari, muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, tambi, kaimati, vyote katika mkao mmoja, kisha wali saa nne usiku na daku ya kushindilia. Ni wanga juu ya wanga. Ushauri wangu ni mwepesi: tende tatu na maji, kisha aina moja tu ya chakula cha wanga kwa futari badala ya nne, na samaki na mboga viwepo tangu mwanzo. Maimamu wakishirikishwa kabla ya mwezi kuandama, ujumbe huu utafika mbali kuliko mabango yetu.

Nimezungumza sana juu ya anayepaswa kupunguza. Sasa nizungumze juu ya asiyepaswa, kwa sababu hapo ndipo tunapoweza kuumiza watu katika wilaya hii. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Utafiti huo huo ulikuta asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Hali zote mbili zinaweza kuwa chini ya paa moja. Baba anapotangaza nyumbani kwamba wali sasa ni nusu, sufuria hupunguzwa kwa wote, na mtoto wa miaka mitatu anaingizwa kwenye ulaji asiouhitaji. Msiondoke nyumba yoyote bila kusema wazi kwamba mpango huu ni wa mtu mmoja na wala si wa sufuria.

Aprili 2024 Mto Rufiji ulifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, mpunga na mahindi vikaoza majini, na mwanzoni mwa Mei Kimbunga Hidaya kikafika pwani hii. Kaya iliyopoteza mavuno haihitaji somo la kupunguza wanga. Wanga ndiyo nguvu ya bei nafuu kuliko zote, na mkulima wa Kiongoroni anayeshinda shambani huutumia wote. Pia kamba na kaa wanaovuliwa deltani wengi huuzwa ili kupata mchele. Hatuwezi kuifumbia macho hesabu hiyo ya kaya na kumwambia mama ajaze sahani kwa kamba.

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wazee waliokonda, wanaotumia dawa za kifua kikuu na wenye ugonjwa wa figo wasiwekwe kwenye mpango wa kupunguza wanga bila daktari. Na kundi ninalolihofia kuliko yote ni wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vya glibenklamidi. Dawa hizo hushusha sukari mtu ale asile. Akipunguza wali ghafla na dozi ikabaki ile ile, sukari hushuka kupita kiasi: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Likitokea usiku katika kisiwa cha delta, maji yamekupwa na boti haipiti mlangoni, hakuna wa kumwahi. Wenye kisukari hunufaika kwa kupunguza wanga, hilo nalisisitiza, lakini dozi na sahani vipunguzwe pamoja, na mwenye kuamua dozi ni tabibu.

Wapo pia watakaopungua vizuri na kuacha njiani kwa sababu ya maneno ya mtaani. Aliyekonda huulizwa anaumwa nini, na uvumi hausubiri jibu. Mtembeleeni mtu huyo, mpimeni kiuno kwa utepe mbele ya familia yake, na mwelezeni kwamba kiuno kilichozidi sentimita 94 kwa mwanamume au 80 kwa mwanamke ndicho tunachokipunguza.

Ombi langu kwenu ni moja. Kabla ya kumtajia mtu gramu, muulizeni anatumia dawa gani, ana ujauzito au ananyonyesha, na nani mwingine anakula katika sufuria ile. Majibu yakiwa salama, mpeni kikombe kimoja cha wali mchana, mboga nusu ya sahani, na sukari iondoke kwenye chai. Majibu yakiwa na shaka, mwandikieni rufaa aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.