Njia Tusiyoipita

Mwaka 2024 mvua kubwa ilichelewesha kufunguliwa kwa shule hapa Kenya hata katikati ya Mei. Ilipokatika, tuliwaandalia vijana wetu mashindano katika viwanja vya shule. Kila mmoja hupewa ramani na dira, akatafute vituo kwa zamu, na amalizaye upesi ndiye mshindi.

Ramani tuliichora kabla ya mvua. Tukaona itatosha, maana tulichoka na matope. Lakini mlinzi wa shule, mtu mzima, akatuuliza, "Je, Mchungaji, huko mmepita?" Tukanyamaza. Tulipokwenda, tulikuta kituo cha nne kiko ukingoni mwa korongo jipya lililofichwa na majani. Mtoto akimbiaye, macho yakiwa kwenye ramani, asingaliliona.

Ndugu, mara ngapi tunawaonyesha watoto njia ya sala, ya kusamehe, ya kuacha pombe, nasi hatujaikanyaga? Someni Yohana 10: Mchungaji Mwema huwatangulia kondoo wake. Basi tusiwatume tusikopita.

Bwana, utusamehe, na leo ututangulie. Amina.