Hotuba ya Kumkumbuka Andrew Mynarski, Askari wa Eropleni



Tumepewa nafasi katika mkutano huu wa mwaka kusema habari za ushujaa, nasi tumemchagua mtu ambaye hakuwa wa kwetu. Jina lake ni Andrew Mynarski. Alizaliwa mwaka 1916 mjini Winnipeg, katika nchi ya Kanada, na wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Poland. Baba yake alifariki yeye akiwa kijana wa miaka 16, basi akashika kazi ya kukata ngozi ili amsaidie mama yake kulea nyumba. Mwaka 1941 akaingia jeshi la anga. Alama za simu ya upepo zilimshinda, akafundishwa kupiga bunduki.

Eropleni yake ilikuwa ya namna ya Lancaster, nayo ilichukua watu saba. Mynarski alikaa katika kibanda cha vioo mgongoni mwa eropleni, na rafiki yake, Pat Brophy, alikaa mkiani kabisa, peke yake, mbali na wenziwe. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni, 1944, wiki moja baada ya majeshi kushuka pwani ya Normandy, walitumwa kupiga njia za reli huko Cambrai, Ufaransa, ili Wajerumani wasipate kuleta askari zaidi. Hiyo ilikuwa safari yao ya 13. Kabla ya kuondoka, Mynarski aliokota jani dogo ambalo kwao huhesabiwa kuwa la bahati, akampa Brophy.

Wakiwa angani, eropleni ya adui iliwapiga. Injini mbili za upande wa kushoto zikafa, na moto ukawaka tumboni mwa eropleni. Nahodha akaamuru wote waruke. Mynarski alikwisha fika mlangoni, na mwavuli wake alikuwa nao, alipotazama nyuma akamwona Brophy amenaswa. Mabomba ya mafuta yaliyokizungusha kile kibanda cha mkiani yalikuwa yamekatika, na mlango haukufunguka.

Hapo ndipo tunapowaomba mtulie kidogo pamoja nasi. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, na amri ya kuruka ilikwisha tolewa. Lau angeruka, hapana mtu ambaye angeweza kumlaumu. Walakini aligeuka akatambaa kwa mikono na magoti kupita katikati ya moto. Akakipiga kibanda kwa shoka, kisha akakishika kwa mikono mitupu, nazo nguo zake zilikuwa zinaungua. Brophy alipoona kwamba kazi haiwezekani alimpungia mkono aende zake ajiokoe. Mynarski akarudi kinyumenyume, kwa kuwa hakutaka kumpa rafiki yake kisogo. Alipofika mlangoni akasimama wima, akapiga saluti, akamuaga kama walivyozoea kuagana usiku, kisha akaruka. Mwavuli wake ulikuwa umeshika moto. Alifika chini yu hai, lakini hakukawia akafa kwa majeraha ya moto. Kaburi lake liko Méharicourt, huko huko Ufaransa.

Na Brophy je? Alianguka na eropleni. Bawa liligonga mti, kibanda kikavunjika, naye akatupwa nje akiwa mzima. Wale wengine watano nao walipona.

Wazee wetu, jambo lililotufanya tuchague habari hii ni hili. Katika dunia nzima Brophy peke yake ndiye aliyeyaona matendo yale. Kama angalikufa, kama ilivyostahili kutazamiwa, Mynarski angaliandikwa katika daftari kuwa askari aliyekufa, basi. Kwa ushahidi wa Brophy, nishani ya Victoria Cross ilitolewa mwaka 1946, naye mama yake ndiye aliyeipokea. Katika jeshi la Uingereza la eropleni za mabomu walikufa watu 55,573. Ni wangapi kati yao waliofanya kama yeye, wasiwe na shahidi? Nasi hatusemi kwamba kazi ya mabomu ilikuwa njema kwa wale waliokaa chini yake. Tunasema habari za mtu na mwenziwe.

Na sisi tuna watu wetu. Askari wa K.A.R. walikwenda Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma mwaka 1944. Wengine walirudi na habari za wenzao wasiorudi, wakazisimulia jioni penye moto, na watoto wakasinzia. Wengi wa wasimulizi hao wamekwisha tutoka.

Kwa hiyo, kabla ya kuketi, tunaomba kila mwanachama aliyesikia habari ya namna hiyo kwa babaye au babuye aje mezani kwa Katibu leo, kabla ya chakula. Jina la marehemu, kijiji chake, mahali alipofia, na jina la yule aliyeona. Daftari limefunguliwa, na kalamu zipo mbili.