Titi moja juu, jingine chini

Msikilizaji, mwaka 2010 Ufaransa ilipiga marufuku vipandikizi vya matiti vya kampuni ya PIP, vilivyojazwa silikoni isiyoidhinishwa kwa tiba. Hapa Uingereza wanawake wapatao 47,000 walikuwa navyo, na wengi walirudi kupasuliwa.

Baada ya upasuaji wa kurudia, si ajabu titi moja kukaa juu kuliko jingine. Huenda ni uvimbe, ambao huchukua miezi kadhaa kutulia. Au ni kovu linalokizunguka kipandikizi, likakaza na kukivuta. Hivyo madaktari husihi subira kabla ya kisu kingine, subira ambayo, nakiri, ni rahisi kuihubiri kutoka studioni.

Ila titi likivimba ghafla, likawa jekundu na la moto, usisubiri. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.