Haki ya Kusikilizwa: Mtoto Asemaye kwa Njia Yake



Nimeombwa niseme nanyi juu ya watoto wenye usonji, nami ni mtumishi wa tiba ya usemi na lugha. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita nililetewa mvulana wa miaka mitano. Kila alipotaka maji alimwambia mama yake, "Unataka maji?" Mimi nikamsahihisha: "Sema, nataka maji." Nilimshika kidevu ili anitazame machoni, nikakizuia kikombe mpaka atii. Siku moja alitii. Akanywa, kisha akajificha chini ya meza huku ameziba masikio. Nikaandika daftarini kwamba tumefaulu. Mama yake akaniuliza, "Mwalimu, siku zote hizo hukujua kwamba anataka maji?" Nilijua. Sikuwa na jibu.

Tutafakari. Mtoto yule, kila alipoletewa kikombe, alisikia, "Unataka maji?" Kwake sentensi hiyo nzima ndiyo iliyokuwa jina la kiu. Hakuwa kasuku. Mwaka 1981, na tena mwaka 1984, Barry Prizant na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba watoto wenye usonji hurudia maneno kwa makusudi mengi: kuomba, kukubali, kushika zamu katika mazungumzo, hata kujituliza.

Lakini tumezoea kudhani kwamba kasoro iko kwao peke yao. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake huko Uskoti walichapisha jaribio la watu wazima 72, waliopangwa katika misururu ya watu wanane wanane, wakapokezana hadithi mmoja kwa mwingine. Wenye usonji walipokuwa peke yao waliifikisha hadithi sawasawa na wasio na usonji walipokuwa peke yao. Ilipotea zaidi pale walipochanganywa. Basi, daraja limevunjika katikati. Si haki kumtwika mtoto peke yake kazi ya kulijenga.

Kwa sababu hiyo wengi wetu tumebadili njia. Hatumlazimishi mtoto kututazama machoni. Tunaanza na kile akipendacho. Tunapompa kikombe tunasema kwa nafsi yake, "Nataka maji," bila kumdai arudie. Asiyesema tunampa kadi za picha, ishara za mikono, au simu inayotamka maneno anayoyagusa. Wazazi huogopa kwamba picha zitamfanya mvivu wa kusema. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yalichunguza visa 27 vyenye ushahidi imara: hakuna hata kimoja ambacho usemi ulipungua, na katika vingi uliongezeka.

Hatusemi kwamba tiba haina kazi. Mtoto asiyeweza kueleza mahali panapomuuma anahitaji msaada, tena mapema. Tunachokataa ni kumfundisha kujifanya mtu mwingine na kuuita utii wake uponyaji.

Jambo hili si hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, katika ibara ya 21 unalinda haki ya mtu kutoa maoni yake kwa njia ya mawasiliano aliyoichagua. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Nasi tunakumbuka kwamba Musa, mwenye ulimi mzito, hakungojeshwa mpaka ulimi uwe mwepesi. Alipewa Aroni wa kusema pamoja naye.

Mama niliyemtaja alikuwa ameacha kuja jumuiyani kwa sababu ya minong'ono ya majirani juu ya mwanawe. Kosa langu lilikuwa la chumba kimoja. Hili ni letu sote. Mtoto anayezuiliwa maji leo mpaka aseme kama sisi, kesho atadhulumiwa, naye atakuwa amekwisha kujifunza kwamba kauli yake haihesabiwi.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni familia zipi zimeacha kuja kwetu kwa ajili ya mtoto wa namna hii? Nani atakwenda kuzitembelea?

2. Mtoto asiyesema anatuambia nini kwa mikono, sauti na mwendo wake? Tumemwuliza mama yake?

3. Tubadili nini katika mikutano yetu ili naye apate zamu?