Alama ya Fundi Isifutike Chini ya Vanishi



Mkoa wa Katavi, uliogawanywa kutoka Rukwa mwaka 2012, umejaliwa misitu ya miombo, na mninga wake ndio riziki ya mafundi seremala wengi wa Mpanda. Mbao halali hugongwa nyundo ya Misitu kabla ya kusafirishwa. Mfugaji nyuki naye huchonga alama yake kwenye mzinga kabla ya kuupandisha mtini. Lakini kiti kilichotengenezwa kwa mninga huohuo mara nyingi huondoka karakana bila jina. Mti una alama; jasho la fundi halina.

Hasara yake si ndogo. Mnunuzi aliyeridhika hajui arudi kwa nani. Kiti kikivunjika mguu, chama hakijui fundi yupi akitengeneze, na lawama huwaangukia wote. Mchuuzi naye akibandua karatasi ya chama, kazi hugeuka kuwa yake.

Wachongaji wengi wa Kimakonde waliouza vinyago Dar es Salaam katika miaka ya 1950 na 1960 hawakutia sahihi. Leo baadhi ya kazi hizo zimo katika makumbusho ya ng'ambo bila majina ya waliozichonga. Kinyume chake, katika ushirika wa wachongaji Wakamba wa Mombasa, ulioanza mwaka 1963, mchongaji hutambulika kwa namba yake, na kazi ikiuzwa hujulikana nani alipwe. Hiyo ndiyo faida ya alama: humfikishia fundi malipo na sifa yake, na humfikia pia lawama iliyo haki yake.

Hata hivyo, si kila alama hudumu. Wengine huandika kwa maka peni, kisha hupaka vanishi, na jina huenea kama doa la chai. Sababu ni kwamba wino wa namna hiyo huyeyuka kwa spiriti au tina, na rangi nyingi za kung'arishia mbao huchanganywa kwa vitu hivyo hivyo. Wino wa maji hauyeyuki kwa tina, lakini hunyonywa na nyuzi za mbao ikiwa mbichi. Aidha, wino mwingi hufifia juani. Kanuni ni moja: kinachoandikia na kinachopakwa juu yake visiyeyuke kwa kimiminika kimoja.

Njia iliyo imara zaidi ni kuchoma kwa chuma chembamba kilichopashwa moto, au kuchonga kwa ncha kali. Alama hiyo imo ndani ya mbao, wala vanishi haiwezi kuiondoa. Ichomwe baada ya msasa wa mwisho, kwa maana msasa huila. Masizi yafutwe kwa brashi kavu, ndipo vanishi ipakwe. Tina na spiriti viwekwe mbali na moto. Mpingo ni mweusi, hivyo alama ya moto haionekani, huo uchongwe.

Kalamu ya risasi nayo hufaa kwa mbao nyeupe, kwani risasi haiyeyuki kwa spiriti wala tina. Mkono wa kwanza wa vanishi upakwe kwa wepesi, bila kusugua. Anayependa wino apake kwanza mkono mmoja mwembamba, aache ukauke kabisa, aandike, aache wino nao ukauke, ndipo apake juu. Kila njia ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha mbao ileile kwa vanishi ileile. Kipande kilichoharibika ni hasara ya senti. Meza iliyoharibika ni hasara ya mwezi.

Mahali pa alama pia pana maana. Chini ya miguu ya kigoda hulika kwa sakafu. Yafaa iwekwe chini ya kikalio, nyuma ya kabati au ndani ya droo, pasipoguswa kila siku.

Kwa makatibu, wajibu ni huu. Alama iwe na sehemu tatu: herufi za chama, namba ya mwanachama na mwaka. Chama kisiweke jina lake pekee na kumfuta fundi, wala fundi asiweke lake pekee na kukificha chama kilichomtafutia soko. Namba ya mwanachama aliyeondoka au kufariki isipewe mtu mwingine, kwa sababu kazi zake bado zimo majumbani mwa watu. Kila kazi itokayo iandikwe daftarini: namba, aina ya mbao, tarehe na mnunuzi. Mpokeaji wa bidhaa asipokee kazi isiyo na alama.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Alama isiyo na daftari ni mchoro tu, na daftari lisilo na alama haliwezi kuthibitisha kitu. Viwili hivyo vikishikana, kiti cha Mpanda kitafika Dar es Salaam kikiwa bado na mwenyewe.